Aliyekuja Kuwahesabu Watoto wa Ha Ntsikoe

Maiti ya Bwana Khoeli, aliyekuja kukagua shule yetu, ilikuwa imelala chali korongoni, nyuma ya jiko la shule, blanketi limefungwa vizuri hadi chini ya kidevu. Barafu ilikuwa imeshika nyusi zake.

Watoto ndio walioiona, asubuhi walipokwenda kuchota maji. Walirudi mbio kijijini kwetu, Ha Ntsikoe, bila hata mmoja kupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Mtoto akilia unajua pa kuanzia. Hawa walisimama tu, midomo wazi, wakionyesha kwa vidole.

Kufika adhuhuri hapakuwa na mtoto nje. Milango ilifungwa, na waliokuwa na makufuli waliyatia. Maneno yalikuwa yameshazunguka: kuna mtu anawinda viungo vya binadamu vya kutengenezea dawa. Sisi wa milimani tunalijua jambo hilo, hatulisemi kwa sauti. Ukilisema, unaona shingo inakuwasha.

Inspekta Letuka alifika alasiri kutoka kituo cha wilaya, juu ya farasi, Koplo Sekake akimfuata huku akiilaani theluji na siku aliyojiunga na polisi. Letuka alikuwa mwembamba, mtu wa maneno machache, na mwenye tabia ya kumtazama mtu mikono kabla ya uso. Alishuka korongoni, akapiga magoti.

"Hakuna kilichokatwa," alisema kwa sauti kubwa, makusudi, ili sisi tuliosimama ukingoni tusikie. "Masikio yapo. Ulimi upo. Vidole vyote vipo. Nendeni mkawaambie wake zenu."

Hakuna aliyekwenda. Nani aende peke yake?

Jeraha lilikuwa kisogoni. Moja tu, pana, la kitu butu.

"Koplo, damu iko wapi?"

"Hapa chini hakuna, afande."

"Basi hakupigwa hapa. Ameletwa."

Kwenye nywele karibu na jeraha palikuwa na chembe nyeupe zilizokauka. Letuka alizikwangua kwa kisu akazitia kwenye mfuko wa vielelezo. Alikuwa amezinusa kwanza. Ugali.

"Farasi wake?"

"Amefungwa pale nyuma ya madarasa, na tandiko lake. Hajaguswa."

"Kwa hiyo hakuanguka njiani akirudi. Hakuondoka kabisa." Letuka aliinuka, akalitazama tena lile blanketi. Kulikuwa na jambo limekaa vibaya pale na hakuweza kulishika. Alijisemea ni uchovu, akaamuru maiti ipandishwe, ipelekwe wilayani kwa uchunguzi wa daktari.

Mtuhumiwa tulikuwa naye tayari. Tulimkamata wenyewe. Alikuwa Lebajoa, mchunga kondoo wa miaka kumi na tisa, ambaye siku iliyotangulia alikuwa amemtisha marehemu mbele ya shule nzima. Vijana walimfungia ghalani kwa chifu, na wengine walikwishaanza kuokota mawe. Msituone wabaya. Hofu inataka mtu wa kumtwika.

Letuka alimkuta amejikunyata juu ya magunia, mdomo umepasuka, ana fulana tu.

"Jina?"

"Lebajoa, ntate," alijibu, kama sisi tunavyomwita baba au bwana yeyote.

"Kazi?"

"Mwanafunzi."

"Darasa la ngapi?"

"La tatu."

Koplo Sekake alicheka kwa pua. "Na ndevu zote hizo?"

"Hata marehemu aliuliza hivyo hivyo," Lebajoa alisema. "Mbele ya watoto. Akasema shule si zizi la madume."

"Ukamtisha."

"Nilisema tutakutana njiani."

"Mkakutana?"

"Hapana, ntate."

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Ni mtu wa serikali."

"Baada ya masomo ulikuwa wapi?"

"Malishoni. Nilikwenda peke yangu."

"Nani alikuona?"

"Kondoo," alisema Lebajoa, kisha akaanza kulia, jitu zima lile, na hata sisi tuliokuwa tukichungulia mlangoni tukaona haya. Siyo sote tuliotupa mawe chini, lakini.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Ntsebeng, alihojiwa darasani. Alikuwa mama wa makamo, nadhifu, na siku hiyo alikuwa ameshika chaki ingawa hakuwa na mtu wa kumfundisha.

"Bwana Khoeli alikuja kufanya nini?"

"Kuhesabu wanafunzi. Shule ikiwa na chini ya hamsini inafungwa."

"Ulikuwa na wangapi?"

"Siku hiyo, hamsini na wawili."

"Nimekuuliza ulikuwa na wangapi, mwalimu."

Mwalimu Ntsebeng alitazama dirishani. "Thelathini na wanane. Wasichana thelathini na mmoja, wavulana saba. Na Lebajoa yumo humo, huyo ni wangu wa kweli, anakuja kila siku. Wavulana wengine wako wapi, wewe si Msotho? Wako na ng'ombe. Baba zao wako migodini, ng'ombe wamwachie nani?"

"Na hao kumi na wanne waliozidi?"

"Wachungaji. Niliwaazima malishoni, kama mtu anavyoazima chumvi. Niliwaogesha mwenyewe. Nikawatafutia mashati."

"Akagunduaje?"

"Mbwa."

"Mbwa?"

"Mbwa wao, ntate! Kila mchungaji alikuja na mbwa wake, na kila mbwa akalala mlangoni pa darasa la bwana wake. Bwana Khoeli aliwahesabu mbwa, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Mwalimu, nimekuja kuhesabu watoto, wewe unanipa na mifugo?'" Mwalimu Ntsebeng hakucheka. "Akawatoa wachungaji mmoja mmoja. Halafu akapanda kilimani kule simu inakoshika, akarudi, akaomba chakula. Hapo mimi nilikwenda nyumbani. Nilikuwa naumwa kichwa kwa aibu."

"Shule ikifungwa, watoto waende wapi?"

"Shule ya ng'ambo." Sauti yake ilishuka. "Kwa njia ya Mlango wa Tumbusi."

Letuka aliijua njia hiyo. Nani asiyeijua? Ni mwanya kati ya majabali mawili, mwembamba, na ukiwa ndani yake hakuna anayekuona wala kukusikia. Wapanda farasi hukaa hapo na mablanketi yamefunika nyuso, wakingoja wasichana wa shule. Wanamchagua mmoja, wanamnyakua, na ikifika jioni huyo ni mke wa mtu. Baadaye wazee hukaa, ng'ombe hutolewa, na jambo huitwa ndoa. Miaka miwili iliyopita alichukuliwa Khopotso, aliyekuwa amekwenda kuanza sekondari. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Alirudi ndani ya jeneza, yeye na mtoto aliyeshindwa kumzaa.

"Nani alimpa chakula?"

"Mpishi wa shule. 'Makhopotso."

Ndiyo, mama yake. Kwetu mwanamke akizaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mtoto akifa jina linabaki. Tulikuwa tukimwita mara ishirini kwa siku, na kila mara tunamtaja yule wa jenezani, wala hatukuwa na jina jingine la kumpa.

Letuka alimkuta jikoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mabega mapana ya kubeba magunia. Binti yake wa pili, Selloane, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amekaa karibu na moto, ameshika pindo la sketi ya mama yake kama mtoto mdogo.

"Ulimpa marehemu chakula, mme?" Letuka alimwita hivyo, yaani mama, kwa heshima.

"Ndiyo, ntate. Ugali na mboga za majani."

"Akala?"

"Akala, akashukuru, akaondoka."

"Kwa farasi?"

"Sikutoka kumtazama. Kulikuwa na baridi."

"Selloane alikuwepo?"

"Nilishamtuma kwa shangazi yake. Hakuona kitu." Alijibu haraka. "Ntate, yule kijana mmempa chakula? Ameshinda na njaa."

"Bado."

"Nitampelekea mimi."

Letuka alimwacha. Sakafu ya jiko ilikuwa ya udongo na ilikuwa imekandikwa upya, bado mbichi. Lakini wanawake wetu hukandika sakafu kila wiki, na mtu hafungwi kwa usafi.

Usiku ule polisi walilala kwa chifu, na kijiji kizima hakikulala. Mbwa wakibweka, unasikia watu wakisogeza vitu vizito milangoni.

Ijumaa asubuhi 'Makhopotso alikuja ghalani na sufuria, na blanketi kuukuu begani. Letuka na Sekake walikuwa mlangoni wakinywa chai.

Lebajoa alimega tonge. Akakunja uso.

"Mme, ugali wako leo una ladha ya gome la mti."

"Kula, usichague. Mwiko ni mpya."

"Ule wa zamani umeenda wapi? Ule mkubwa kama kasia?"

"Umevunjika. Kula." Akalitandaza lile blanketi, akamfunika mabega, akavuta pande mbili zikakutana mbele, akachomeka pini katikati ya kifua. Akaipigapiga iwe sawa.

Lebajoa alijitazama. Pamoja na masaibu yake yote, alicheka.

"Aa, mme! Umenifunga kama bibi harusi! Mimi mwanamume bwana." Akaichomoa pini, akazungusha blanketi, akalifunga kwenye bega la kulia.

Koplo Sekake alicheka hadi chai ikamwagika. Letuka hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaitazama ile pini.

Kwetu hata mtoto wa kutambaa analijua hili. Mwanamume hufunga blanketi begani, mkono wa kulia ubaki huru kwa fimbo na hatamu. Mwanamke hufunga kifuani. Hakuna anayefundishwa, mikono inajua yenyewe. Bwana Khoeli alikuwa korongoni na pini yake katikati ya kifua, na wanaume wazima kumi tulimtazama, Inspekta akiwemo, tukadhani ni kwa sababu maiti imefunikwa.

"Mme," Letuka alisema taratibu, "mumeo yuko wapi?"

"Alifia mgodini. Selloane alikuwa tumboni."

"Una watoto wa kiume?"

"Sina."

"Umewahi kumfunga mwanamume blanketi?"

'Makhopotso alianza kujibu. Kisha akaitazama pini begani mwa Lebajoa. Akaiokota sufuria, akaiweka tena chini.

Walimrudisha jikoni. Koplo Sekake alikwangua sakafu kwa koleo, na chini ya udongo mpya akakuta udongo mweusi ulioganda kwa damu. Kwenye majivu ya tanuri palikuwa na kipande cha mti mnene, kimeungua upande mmoja.

"Una haki ya kunyamaza," Letuka alimwambia. "Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani."

"Selloane atoke kwanza."

Mtoto alitolewa. Alikataa kuiachia ile sketi, ikabidi vidole vyake vifunguliwe kimoja kimoja.

"Ulimpiga wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilimpigia magoti, ntate. Andika hivyo. Nilipiga magoti hapa hapa, yeye akiwa anakula. Nikamwambia, hesabu unayo wewe, kalamu unayo wewe, andika hamsini. Nani atakuja huku tena na baridi hii kuhakikisha? Akasema sheria ni sheria. Nikamwambia habari za Khopotso. Zote. Hata zile ambazo sijawahi kumwambia mtu, mwili wake ulivyokuwa nilipouosha."

"Akasemaje?"

"Akasikitika. Hakuwa mtu mbaya. Akasema pole, mme. Halafu akanawa mikono, akanigeuzia mgongo kuota moto, akasema, 'Lakini wasichana wana miguu. Watembee. Hata mimi nilitembea.'"

Letuka alingoja.

"Hata yeye alitembea!" 'Makhopotso alisema, na sauti ikampasuka. "Nani angemnyakua yeye? Nani angemtaka? Mwiko ulikuwa mkononi, nilikuwa nakoroga ugali wa watoto wa kesho. Sikumbuki kuuinua."

"Ukampeleka korongoni."

"Nilimburuta. Ni mteremko."

"Farasi wake ungemfungua, tungedhani ameanguka."

"Siwashiki farasi. Nikisikia kwato tu napata kuharisha, ntate. Tangu wale."

"Na blanketi? Kwa nini ulimvisha?"

Alitazama mlango alikotolewa mtoto. Nje tulikuwa tumejaa, hata watoto sasa, tumebanana dirishani.

"Alilivua alipokuja kuota moto. Nilipomweka chini midomo yake ilitikisika. Nikaona baridi itamwumiza. Nikamfunga."

Koplo Sekake aliacha kuandika. "Alikuwa hai?"

"Sijui."

"Mme, alikuwa hai?"

"Niliogopa kujua. Ningejua, ningemwita mtu, na angepona, angekwenda kuandika thelathini na wanane." Akaikunja aproni mikononi. "Nilikimbia. Nikakaa ndani nimemkumbatia Selloane mpaka kukakucha. Nilidhani nikimsikia akiita nitakwenda. Namwambia Mungu hivyo. Sikusikia kitu."

"Na Lebajoa? Ungemwacha auawe kwa mawe?"

"Nilikuwa nakuja kusema."

"Lini?"

"Kila nikifika mlangoni, najiuliza, Selloane nitamwachia nani."

Letuka alivaa glavu zake, akazivua tena. Kuna jambo alikuwa nalo tangu wilayani na hakutaka kulisema.

"Ntate," 'Makhopotso aliuliza, "hesabu alikufa nayo, siyo? Watamtuma mwingine. Na huyo mwingine huenda akaja wakati wachungaji wamerudi bila mbwa. Mwalimu atajipanga. Shule itabaki?"

"Bwana Khoeli alipiga simu ofisini kwake kutoka kilimani," Letuka alisema. "Kabla hajaja kula. Waliniambia wenyewe. Shule inafungwa mwisho wa mwezi huu."

Hakulia. Alikaa chini, pale pale penye udongo uliokwanguliwa, akajifunika uso kwa aproni. Mwalimu Ntsebeng, dirishani, ndiye aliyelia.

Lebajoa aliachiliwa. Alipopita katikati yetu tulimpisha, na hakuna aliyemwomba radhi.

Waliondoka mchana. Selloane ilibidi aende nao, kwa kuwa shangazi yake wa hapa alikataa kukaa na mtoto wa muuaji, na bibi yake anaishi ng'ambo. Njia ni ile ile moja. Letuka alitangulia kwa farasi. 'Makhopotso alifuata kwa miguu na pingu zake, mtoto ubavuni, na Sekake nyuma akimvuta farasi wa marehemu. Mimi nilikwenda nao kumrudisha farasi huyo kwa jamaa za marehemu. Nilijitolea mchana kweupe, nikajuta kabla hatujafika nusu ya njia.

Ndani ya Mlango wa Tumbusi jua haliingii. Theluji ilikuwa imechafuka kwa nyayo za kwato, mpya. 'Makhopotso aliziona kabla yetu. Akasimama.

"Twende, mme," Sekake alisema.

"Siwezi."

"Tuna bunduki."

"Siwezi, mwanangu. Hapa ndipo kiatu chake kilipookotwa."

Ndipo wakatokea. Wapanda farasi watatu, kutoka nyuma ya jabali, mablanketi yamepanda hadi macho. Hawakukimbia. Kwa nini wakimbie? Walikuja polepole, farasi zao wakitoa mvuke puani, wakaziba njia.

'Makhopotso alimsukuma mtoto nyuma yake. Akanyanyua mikono yake yenye pingu mbele ya uso. Huyu ndiye aliyeua mtu. Alikuwa amejikojolea.

"Amani, wazee," alisema wa mbele, kwa adabu zote.

"Amani," Letuka alijibu. Mkono wake ulikuwa kwenye bastola.

"Mmekamata mwizi?"

"Piteni."

"Tunapita, afande. Njia ni ya watu wote." Lakini macho yake yalikuwa yamemvuka Letuka, yamemvuka mama, yametua kwa Selloane, na yakakaa hapo. "Huyu binti ni wa nani?"

'Makhopotso akazidi kumficha mtoto nyuma yake. Letuka baadaye alituambia kwamba miaka yote ya kazi, na wezi wa ng'ombe, na risasi, hajawahi kuogopa kama alivyoogopa kwa swali lile lililoulizwa kwa upole namna ile.

"Ni wangu," alisema Letuka.

"Wako?"

"Wangu. Umemwona? Mtazame vizuri umjue. Ni binti wa Inspekta Letuka."

Yule mtu alitabasamu kwa macho. Akagusa kofia. Wakatupita mmoja mmoja, karibu sana, mpaka goti la wa mwisho likamgusa mtoto begani. Waligeuka nyuma kumtazama mara mbili kabla hawajapotea kwenye kona.

Letuka alishuka kwenye farasi. Alimwinua Selloane, akamkalisha kwenye tandiko, akaishika hatamu, yeye akatembea kwa miguu. 

"Yamekwisha, mme," alimwambia 'Makhopotso. "Umeona? Wamekwenda."

"Nimeona, ntate. Nashukuru." Alikuwa akimtazama mtoto wake juu ya farasi, siyo yeye. "Niliwahi kuja kituoni kwenu, wakati wa Khopotso. Nikaambiwa ng'ombe wamekwishalipwa, nirudi nyumbani."

Letuka alikaza hatamu mkononi.

"Leo umesema ni wako," 'Makhopotso alisema. "Na Jumatatu, akienda shule peke yake?"

Inspekta akamvuta farasi, tukaendelea kuteremka.